Vijana wetu wamekataa kuitikia Amina

Swali: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni kiongozi wa maombi katika kanisa letu dogo hapa Malindi. Kila Jumapili kabla ya neno huwa nawaombea viongozi: Rais, gavana, mbunge, mwakilishi wadi. Tangu yale maandamano ya 2024 vijana wetu wamebadilika. Nikifika kwa viongozi wananyamaza, hawaitikii Amina. Mmoja aliniambia waziwazi: "Mama, tutamwombeaje mtu aliyetuahidi maji na mifereji bado imekauka? Dua la kuku halimpati mwewe." Mwingine akasema kama ni kuomba, basi tuombe wafe tupumzike. Wazee nao wanasema hao vijana wanaasi mamlaka iliyowekwa na Mungu, wanawasomea Warumi 13. Isitoshe, baadhi ya viongozi wetu ni Waislamu, na wako wanaosema kuwaombea baraka ni makosa. Niache? Niendelee? Na nikiendelea, niseme nini?

Jibu: Marahaba, mama. Usiache. Lakini hao vijana nao usiwakemee bado, maana nahisi wamesikia jambo katika sala zetu ambalo sisi wenye kushika maikrofoni tumezoea hata hatulisikii tena.

Nianze na huyo kuku. Methali hiyo watu huitoa wakiwa wamekata tamaa: mnyonge alalamike awezavyo, mwenye nguvu hashtuki. Ila hebu mtazame kuku mwenyewe, anaomba nini? Anamwapiza mwewe. Anataka aanguke, avunjike bawa, afe. Sijasikia methali ya Kiswahili ambamo kuku anamwombea mwewe heri. Na hilo hasa ndilo agizo lililoko katika barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 2: "Basi, kabla ya mambo yote, nataka dua, na sala, na maombezi, na shukrani, zifanyike kwa ajili ya watu wote; kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, tuishi maisha ya utulivu na amani, katika utauwa wote na ustahivu." Timotheo yuko Efeso, chini ya dola ya Rumi. Kama barua ni ya siku zile ambazo Kanisa limeiweka tangu zamani, basi aliyeketi kitini Rumi ni Nero, yule aliyewasingizia Wakristo moto ulioteketeza mji mwaka 64 na kuwaua kwa mateso. Kifaranga anaambiwa amwombee mwewe, na mwewe ana kifaranga mwenzake kwenye makucha.

Hapo lugha yetu inatusaidia sana. Kumwomba mfalme. Kumwombea mfalme. Kati ya maneno hayo mawili kuna irabu moja tu, ile e, na kwa ajili ya irabu hiyo watu wamekufa.

Danieli aliingizwa katika tundu la simba kwa sababu yake. Sheria ya Dario ilisema kwa siku 30 asiombwe mungu wala mtu ila mfalme peke yake. Danieli akakataa kumwomba mfalme. Asubuhi, Dario alipokuja mbio na kumwita kwa sauti ya huzuni, neno la kwanza lililotoka shimoni lilikuwa "Ee mfalme, uishi milele." Yaani mtu aliyelala na simba kwa amri ya huyo huyo mfalme anamtakia maisha marefu. Kumwomba, hapana. Kumwombea, naam, hata kutoka shimoni.

Wayahudi wa Yerusalemu waliishi na tofauti hiyo miaka mingi. Katika hekalu lao sadaka ilitolewa kwa ajili ya Kaisari, haikutolewa kwa Kaisari, na Warumi wakaridhika nayo. Mwaka 66 makuhani walipoisimamisha, kila mtu alielewa kwamba vita vimeanza. Baadaye, kwenye mwaka 197, Tertullian wa Carthage, mji wa Afrika hii hii yetu, upande wa Tunisia ya leo, aliandika kuwatetea Wakristo walioshtakiwa kwamba ni wahaini kwa kuwa hawamtolei Kaisari sadaka. Jibu lake ukilisoma utacheka kwa jinsi lilivyo na ujasiri. Tunamwombea, anasema: maisha marefu, utawala salama, nyumba isiyo na hatari, majeshi hodari, baraza aminifu, watu wema, dunia tulivu. Lakini tunamwombea kwa yule aliyempa pumzi kabla hajampa kiti.

Kwa hiyo kila ukisimama mbele ya kanisa ukamwombea Rais, unamshusha cheo hadharani. Unawaambia watu wote waliopo kwamba yuko aliye juu yake, na kwamba naye ni mhitaji kama yule mgonjwa wa kisukari uliyemwombea dakika mbili kabla.

Sasa mbona vijana wanasikia kinyume chake? Kwa sababu mara nyingi tunaiangusha ile e. Nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuiangusha.

Nilikuwa bado nachunga kanisa, na tulikuwa na harambee ya kuezeka. Kuta zilikuwa zimesimama, mabati yametosha nusu. Mheshimiwa mmoja alitarajiwa saa nne, akafika saa saba kasoro. Kina mama wa kwaya walikuwa wameimba nyimbo zote wanazojua na kurudia. Viti vya plastiki vya safu ya mbele vilikuwa vimefungwa leso asije mtu akakaa. Akaingia na watu wake, manukato yakafika madhabahuni kabla yake. Nikamwita mbele apige magoti, mkono mmoja nikauweka kichwani pake, wa pili umeshika maikrofoni, nikaomba dakika kumi nzima. Nilimshukuru Mungu kwa barabara ambayo haikuwa imejengwa. Nilimwarifu Mungu kwamba huyu ni chaguo lake. Mabati nayo niliyaingiza, kwa mafumbo, lakini si mafumbo magumu. Watu wakaitikia Amina, bahasha ikatoka, picha zikapigwa.

Jioni bibi mmoja muuza mahamri akanisimamisha njiani. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu: "Mchungaji, ile sala ya leo ulikuwa wamwambia Mungu, au ulikuwa wamwambia mheshimiwa?"

Mabati tulipata.

Nikirudi kwa vijana wako: Amina ni neno la Kiebrania, na maana yake ni "kweli, na iwe hivyo." Anayeitikia Amina anatia sahihi chini ya maneno ya mwenzake. Kijana anayekataa kutia sahihi kwenye karatasi yenye uongo hajamkosea Mungu. Akiwa ananyamaza hata kwenye sala ya kweli, hilo ni jambo jingine, tutalifikia.

Fungua Nehemia sura ya 5. Ni sura ambayo sisi wa Pwani tungeijua kwa moyo, kwa jinsi inavyotuhusu, lakini sijui ni mara ngapi nimeisikia ikihubiriwa; labda mbili. Watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba yao, mizabibu na nyumba wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme. Watoto wao wanakuwa watumwa. Na wanaowakamua ni ndugu zao wenyewe, wakubwa wa mji. Nehemia anakasirika, anawaita wakubwa hao mbele ya mkutano, anawaambia warudishe mashamba na nyumba, leo hii. Wanakubali. Haamini maneno matupu, anawaita makuhani na kuwaapisha. Kisha anakung'uta vazi lake na kusema, asiyetimiza ahadi hii Mungu amkung'ute vivyo hivyo. "Na mkutano wote wakasema, Amina." Hiyo ndiyo Amina ninayotaka vijana wako waisikie. Ilisemwa juu ya ardhi inayorudishwa, na juu ya kiongozi aliyeapishwa na kuonywa. Mtu yeyote anayemjua skwota wa Kilifi, aliyezaliwa kwenye shamba ambalo hati yake iko kwa mwingine, angeiitikia Amina hiyo mpaka paa litikisike.

Na Nehemia mwenyewe ni nani? Biblia yetu ya Kiswahili inamwita liwali. Neno hilo halikutoka mbali; ndilo cheo cha wawakilishi wa Sultani hapa Malindi, na Lamu, na Mombasa. Liwali huyo anasema kwa miaka kumi na miwili yeye na ndugu zake hawakula chakula cha liwali, yaani posho iliyotozwa wananchi, kwa sababu mzigo ulikuwa mzito juu ya watu. Mwombee gavana wako awe liwali wa namna hiyo. Na yule liwali mwingine wa Biblia, Pilato, aliyejua kwamba mtu hana kosa na bado akanawa mikono, umwombee asiwe yeye. Mama, hapo tayari una sala ya Jumapili nzima na hujataja chama cha mtu.

Tukiendelea na nini cha kuomba, rudi kwenye barua ya Timotheo uone inataka kupata nini: "tuishi maisha ya utulivu na amani." Haikusema mfalme ashinde tena, wala maadui zake wa kisiasa waaibike. Anayekusudiwa na sala hiyo ni mwananchi. Mfalme anaombewa ili mvuvi arudi na samaki wake, msichana atoke shuleni afike nyumbani, watu waabudu bila kuvamiwa. Yeremia alikwisha kuwaandikia hivyo hivyo watu waliochukuliwa mateka Babeli, katika sura ya 29: "Kautakieni amani mji ule... mkauombee kwa Bwana. Kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Mji wenyewe ndio uliowang'oa makwao! Zaburi ya 72 nayo, ambayo ni sala kamili ya kumwombea mfalme, ina mistari mingi juu ya maskini, mhitaji, aliyeonewa, na mfalme anaombewa baraka kwa sababu atakuwa amewaokoa hao. Inasema hata "atamseta mwenye kuonea." Ukiiomba Zaburi hiyo neno kwa neno mbele ya mheshimiwa yeyote, atainamisha kichwa akidhani unambariki, na kweli unambariki, ila atakapofika nyumbani akaisoma upya huenda akakosa usingizi.

Wazee wako na Warumi 13. Wana haki ya kuisoma, na waisome mpaka mwisho wa aya. Mstari wa 4 unamwita mwenye mamlaka "mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema." Mtumishi! Sisi tumemgeuza akawa mheshimiwa, na neno mtumishi tukalibakiza kwa wahubiri, tena kwa wahubiri wenye magari. Paulo anasema mamlaka ina bwana wake na ina kazi iliyotumwa, na kazi hiyo inaitwa mema, na wa kutendewa mema ni wewe. Mtumwa aliyetumwa maji akarudi na ndoo tupu huulizwa. Kumuuliza si uasi. Samweli alimkemea Sauli, Nathani akamkemea Daudi, Yohana Mbatizaji akamwambia Herode "si halali kwako," na hakuna anayesema Yohana hakuisoma Biblia vizuri. Hapa kwetu, enzi za chama kimoja, maaskofu kama Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge waliyasema mimbarani mambo ambayo wengine walinong'ona chumbani, na sala ya kumwombea Rais haikung'olewa katika vitabu vyao vya sala. Mambo hayo mawili yanakaa nyumba moja.

Nikiri pia kwamba kitabu cha sala kina hatari yake. Mpaka 1963 ukanda huu wa Mwambao ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, chini ya ulinzi wa Mwingereza, na Waanglikana walirithi kitabu kinachomwombea mfalme wa Uingereza. Mkristo wa Malindi alimwombea mfalme wa ng'ambo huku akipeleka kesi yake kwa liwali. Uhuru ulipokuja jina likabadilishwa, mdundo wa sala ukabaki ule ule. Pengine ndiyo sababu wengine wetu tunaisoma kama tunavyosoma matangazo ya harusi.

Sasa huyo aliyesema tuombe wafe. Huyu usimpuuze wala usimcheke, kwa sababu ana Biblia upande wake, angalau kwa mstari mmoja. Zaburi 109 inasema "Siku zake na ziwe chache, usimamizi wake na autwae mtu mwingine," na mstari unaofuata unaomba wanawe wawe yatima na mkewe mjane. Huku kwetu Pwani kila mtu anajua maana ya kutishiwa kusomewa halbadiri. Kumbe na sisi Wakristo tunayo yetu, ila tunaiita maombi ya moto. Mimi nazisoma zaburi hizo kama kilio cha mtu aliyeonewa akakosa mahakama, anayempelekea Mungu hasira yake badala ya kuichukulia panga. Akilia hivyo chumbani kwake, Mungu anamsikia na ataichuja sala yake. Ukiipandisha kwenye maikrofoni, kijana mmoja kati ya 50 ataelewa kwamba ametumwa. Hilo silikubali kanisani, na ningekuwa pale ningeizima spika.

Lakini kuna sala kali isiyo ya kifo. Tarehe 16 Juni 1985, siku ya kumbukumbu ya watoto wa Soweto waliouawa 1976, makanisa mengi ya Afrika Kusini yaliitwa kuombea mwisho wa utawala dhalimu wa ubaguzi wa rangi. Miongoni mwa walioita alikuwa mchungaji Allan Boesak. Baadhi ya Wakristo wenzao waliudhika sana, wakasema huko ni kuchanganya dini na siasa. Hoja ya wenye kuomba ilikuwa nyepesi kueleweka: tumewaombea watawala hawa miaka yote wabadilike, hawakubadilika, sasa tunamwomba Mungu awaondoe katika viti na kuweka watakaotenda haki. Waliomba utawala ufe. Mtu hawakumwombea kifo. Uchaguzi wetu ni Agosti 2027, na kumwomba Mungu kwamba fulani asirudi, huku ukienda kupiga kura, sioni dhambi yake, mradi hiyo ibaki sala yako wewe na isiwe ya kanisa zima lenye wafuasi wa vyama vinne.

Mfano ninaoupenda zaidi uko jirani, Uganda. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji. Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alikuwa miongoni mwa walioiandika barua ile. Akatoroka na mkewe, na baada ya hapo akatangaza kwamba anampenda Idi Amin na anamwombea, kwa kuwa Yesu aliwaombea waliompigilia misumari. Tazama mpangilio: kwanza barua, ikatiwa sahihi, ikafika kwa mwenyewe. Msamaha wa Kivengere una uzito kwa sababu hakuwahi kusema kwamba hakuna kilichotokea.

Kuhusu viongozi Waislamu sitakaa sana, maana swali lenyewe halina mizizi. Nero hakuwa Mkristo, Dario hakuwa, Nebukadneza hakuwa. Barua kwa Timotheo ilisema "wote wenye mamlaka" wakati ambapo hapakuwa na mfalme Mkristo hata mmoja duniani. Na kama wako watu wa Pwani wanaosahau haraka, wakumbushe kwamba Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alipofika huku 1844 alibeba barua ya Sayyid Said, Sultani Mwislamu, ikiwaambia maliwali wake kwamba huyu ni mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu, mtendeeni wema. Baraka ya kwanza ya serikali kwa misheni ya Rabai ilitoka kwa mtu wa kilemba. Ninalokuomba ni adabu tu: kiongozi Mwislamu akija kwenye hafla yenu, mwombee hekima na afya kwa jina la Yesu kama mnavyoomba siku zote, hatashangaa, anajua yuko kanisani. Usimvizie na sala ya kumsilimisha kinyume mbele ya wapiga kura wake.

Kuna jambo ambalo nililiahirisha, la kijana anayenyamaza hata kwenye sala ya kweli. Sisi wa Malindi hatuna haki ya kulichukulia kwa mzaha. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, si mbali kutoka hapa, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa. Walikuwa wamesikiliza mahubiri kwamba shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, vitambulisho vya serikali ni vya shetani. Kesi ziko mahakamani na hukumu tuwaachie wenye kazi hiyo. Ila nafundisha Biblia, na somo la imani naweza kulisema: kanisa likianza kuamini kwamba kila kilicho cha serikali ni cha kuzimu, halina tena sababu ya kumwombea muuguzi wa zahanati wala chifu wala hakimu, na mtoto akiugua hapo hakuna pa kumpeleka. Kijana wako akisema "siitikii Amina kwa uongo," mkumbatie. Akisema "serikali yote siitaki hata kuiombea," kaa naye chini, tena mapema.

Basi Jumapili useme nini?

Kwanza punguza ukubwa. "Bwana, bariki viongozi wetu" ni sala ambayo hata Mungu akiijibu hutajua. Wewe una bahati wasiyo nayo watu wa Kilifi mjini: Bunge la Kaunti linakaa hapa hapa Malindi, mwendo wa tuktuk. Mei na Juni ndipo bajeti ya kaunti inapojadiliwa, mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Uliza kikao cha maoni kinakaa lini. Kisha omba kama mtu anayejua:

"Bwana, wiki hii wawakilishi wetu wanajadili bajeti. Wape macho ya kusoma kila ukurasa. Anayetaka kupenyeza zabuni ya shemeji yake, mwaibishe kabla hajaipenyeza. Maji ya Baricho yanayotupita kwenda mbali, yafike na kwetu. Karani aliyelikalia faili la shamba la mjane, asilale mpaka alitoe. Hakimu anayesikiliza kesi ya ardhi, mpe moyo usionunulika. Askari wa doria ya usiku umrudishe kwake salama, na kijana atakayemkamata naye arudi kwa mamaye akiwa hai. Nasi utupe miguu ya kwenda kwenye kikao, na ulimi wa kusema ukweli bila matusi."

Hiyo haizidi dakika moja na nusu. Sehemu ya mwisho ndiyo ngumu, kwa sababu inawarudishia watu kazi. Usiogope kuitaja; Amina yake nayo ni sahihi.

Shukrani usiiache, ni mojawapo ya yale maneno manne ya Timotheo. Lakini shukuru kwa kilichopo. Kisima kikichimbwa, shukuru kwa jina la mtaa kilipochimbwa. Kisipochimbwa, sema hakijachimbwa, Mungu hakasiriki kuambiwa anachokijua.

Na mheshimiwa akija mwenyewe? Mwombee akiwa ameketi kitini pake, kama mnavyomwombea mgeni yeyote, kwa muda ule ule mliomwombea mama mjamzito wa safu ya nyuma. Maikrofoni asipewe. Katika hilo hamtakuwa wa kwanza: Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alikataza wanasiasa kuhutubia ibadani, na maaskofu Wakatoliki wakasema yanayofanana na hayo. Bahasha ipokelewe na mweka hazina kwa risiti, siku nyingine, au isipokelewe. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilizikataa fedha ambazo Rais alikuwa ametoa katika kanisa moja la Kayole, likasema zirudishwe, na Jumapili iliyofuata hakuna kanisa la jimbo lile lililofungwa kwa kukosa pesa. Najua kanisa dogo la Malindi si Jimbo Kuu la Nairobi. Najua mabati ni mabati. Nimekwisha kukusimulia yangu.

Jumapili ijayo usiiongoze wewe. Mpe yule kijana wa kuku na mwewe, umpe siku tatu kabla ili aulize ajue majina: chifu wa lokesheni, OCS yaani mkuu wa kituo cha polisi, mwalimu mkuu, muuguzi wa zamu ya usiku. Mwambie aanze na hao wa chini, Rais awe wa mwisho, na amwambie Mungu lile la maji kwa maneno yale yale aliyokuambia wewe. Keti nyuma usikilize ni nani wataitikia.